Ng'ombe uliyoichora kwa ukuta wetu

Furaha, mutoto wangu,

Mama yako anakusalimu. Usicheke maandishi yangu. Misioni walinifundisha kidogo tu, na tangu wakati ule nimeshika jembe kuliko kalamu. Lakini nimekataa muntu mwingine aniandikie. Mutoto ni wangu, sifa ni yangu, na barua pia iko yangu.

Nimechoka, Furaha. Mvua ya huku Masisi haituachi. Ule ukuta unaotazama barabara umeanza kubomoka, na tangu asubuhi udongo mweupe unaningoja ndani ya kikapo, mikono inakataa kupanda juu. Ng'ombe yako iko bado pale, kila mwaka ninapaka pembeni yake tu. Miguu ya nyuma imekwenda na maji, lakini kichwa kinatazama wapita njia kama zamani.

Unakumbuka? Vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha juzi-juzi. Noeli ilikaribia, wanawake wa mulima muzima walikuwa wanapaka nyumba. Mimi na wewe tulivuka bonde kwenda kwa Papa Sebahire, mufugaji, kuomba mavi ya ng'ombe ya kuchanganya na udongo, kama kila mwaka. Alitupa. Lakini hakutuuliza habari ya nyumbani, na sisi hatukumuuliza. Ng'ombe zilikuwa zinakula maharagi ya watu. Sisi wakulima tulilalamika jikoni, wao wafugaji walilalamika kwa zizi. Tukikutana kwa njia: "Jambo, Papa." "Jambo, Mama." Basi, kila muntu na kifundo chake ndani ya roho.

Wasichana wengine walichora maua na mistari kwa kuta za mama zao. Wewe ulichukua makala ya jikoni na udongo mwekundu, ukachora ng'ombe katikati ya maharagi, mudomo umejaa majani. Nikakuuliza, "Furaha, hii njo Noeli?" Ukanijibu bila kugeuka, "Mama, habari ya ng'ombe na maharagi kila muntu anaisema nyumbani kwake. Waiseme hapa, pamoja."

Ulitaka kuchora ng'ombe tu, ng'ombe ya muntu yeyote. Lakini ulichora ile uliyoiona asubuhi kwa zizi: nyekundu, paji nyeupe, pembe moja imepinda. Pengine kwa nchi za wengine ng'ombe ni ng'ombe. Huku kwetu mutoto anayenyonya anaijua kila moja kwa jina. Mama Kahindo, jirani yetu, hakutua hata kikapo chake.

"Ee! Gaju ya Papa Sebahire! Hata pembe yake, jamani!"

Siku ya Mungu, watu walipotoka kusali, uwanja wetu ulijaa. Papa Sebahire naye akafika na fimbo yake. Watu wakamupisha. Mimi nilikushika mukono, nikajua leo tutatukanwa.

"Binti, nani alikufundisha kuchora ng'ombe?"

"Hakuna, Papa."

"Macho ni yake kabisa. Umenitia haya mbele ya watu, lakini Gaju umemuona vizuri." Akaigusa picha na ncha ya fimbo. "Sasa chora na njia."

"Njia gani, Papa?"

"Ile ya kushuka kwa maji. Gaju hana mabawa. Njia yake tangu zamani ilipita pale, nyinyi mukaipanda maharagi."

"Ao ng'ombe zako zinajua mipaka?" Mama Kahindo akadakia.

"Zinajua kuliko wewe, Mama Kahindo!"

Watu wakacheka, wa pande zote mbili, na mimi nikapumua. Lakini wewe hukucheka. Ulimtazama papa yako aliyesimama kati ya watu, kwa sababu maharagi yaliyoziba njia yalikuwa yake. Kila muntu alijua, hakuna aliyemwambia. Kisha uliokota makala, ukavuta njia katikati ya maharagi mpaka kwa maji. Papa yako akatoka kati ya watu, akaingia ndani ya nyumba.

Watu waliongea mbele ya ule ukuta mpaka jua likahama. Walishindana, walitaniana, wakashindana tena. Juma lile wanaume walishuka na majembe, wakang'oa maharagi ya njiani, wakapanda miti huku na huku. Wafugaji wakakubali muntu mukubwa atangulie ng'ombe kila zikishuka kunywa. Ile njia iko mpaka leo, mutoto wangu, na mimi kila nikipita na muntu ninamwambia nani aliichora. Kwa soko naambia hata wasioniuliza. Mama Kahindo amechoka na mimi: "Tumesikia, Mama Furaha. Tumesikia tangu mwaka ule."

Lakini nyumbani papa yako alikuambia, "Umenichora mbele ya watu." Ukasema, "Sikukuchora wewe, Papa." Alitaka nipake ukuta upesi, nikamwambia udongo umekwisha, na ulikuwa chini ya kitanda. Hakuongea nawe vizuri tena mpaka siku ulipoolewa ukateremka Walikale.

Sasa muntu mumoja aliyetoka kule kwenu ametuletea habari. Anasema wanaume wa mugodi, bwana yako kati yao, wanaosha mchanga juu ya muto, na chini nyinyi wanawake wa kambi munateka matope. Mutoto wako anaumwa tumbo, haponi. Anasema kila mama analia ndani ya nyumba yake, na kila mwanaume anasema si yeye. Nikamuuliza, "Furaha hachori?" Akasema ulimjibu, "Nilichora mara moja, nikapoteza papa. Nikichora hapa, nitapoteza na bwana."

Neno hili limenichosha kuliko mvua. Nilimwambia tena papa yako, maana hata yeye ni muzee sasa, hasikii haraka. Akatoka nje. Alisimama mbele ya ukuta, karibu na ile ng'ombe isiyo na miguu. Nilidhani amekasirika tena. Akarudi akakaa karibu na mimi.

"Unamuandikia?"

"Ninamuandikia."

"Mwambie asichore matope peke yake. Achore na wale wanaume wanaoosha mchanga, jua liko juu ya kichwa, na mukubwa wao amesimama nyuma yao. Wakijiona na jasho lao, hawatatoka." Akaitazama barua. "Mimi siku ile nilitoka kwa sababu sikujiona. Niliona maharagi tu."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza. Yeye hawezi kukuomba samahani, unamujua. Lakini hajanyanyuka bado, anangoja nimalize aone kama nimemuandika na yeye chini.

Kwa hiyo chora, Furaha. Bwana yako akikasirika, mwambie baba mukwe wake njo amekutuma.

Mimi mama yako, na huyu hapa pembeni yangu, papa yako.