Safari ya Zuwena na Amal

Dada Rukia,

Salamu kutoka Mabela, huku Maskati, kwenye joto la kukausha nguo kabla hujamaliza kuanika.

Tangu nifike, mdogo wetu Zuwena anapanga na shoga yake Amal safari ya siku tatu Marekani: kutazama besiboli, kupanda milima, hata kutembelea kiwanda cha bia. "Tutaangalia mapipa tu," akaniapia. Mimi sikualikwa. Nikamwambia milima hata Maskati ipo.

Leo asubuhi akanipandisha mlima wa Matrah, sisi wawili tu, mpaka tukaiona bandari yote chini. Wivu ukanitoka. Pale juu akampigia Amal: "Shoga, nshaanza mazoezi."

Nikatangulia kushuka. Nimekukumbuka sana, dada. Usitafute shoga kabla sijarudi.

Mdogo wako,
Salma