Mkono wa Kushoto

Kwihara, Tabora

Marahaba, mjukuu wangu Anastazia. Kikohozi cha babu yako kimepona, na shangazi yako amehamia Isikizya na kuku wake wote, kwa hiyo asubuhi kwetu siku hizi ni kimya mno.

Unaniuliza kwa mtihani wa piano uchague kipi katika vile vipande vya Baroko, muziki wa kale wa Ulaya: ile ndefu iitwayo fuga, ya sauti nyingi zinazofukuzana, wanayoisifu wenzako, au kile kifupi cha sauti mbili unachokipenda.

Zamani za Mwingereza, nikiwa msichana, sista wa misheni alinifundisha kinanda. Mimi nilitaka fuga. Akanipa kipande kifupi cha sauti mbili, nacho kikanishinda: mkono wa kulia ukienda, wa kushoto unaufuata kama kondoo. Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama alikuwa anatwanga mahindi, nikashika mchi wa pili tukatwanga pamoja kwenye kinu kimoja. Nikawa nautazama mchi wake tu, na michi ikagongana.

"Usiufuate wangu," akasema. "Twanga wako, mimi nisikilize tu."

Kesho yake kwenye kinanda, mkono wa kushoto nikampa mama, kama mchi wake. Kipande kikaenda.

Basi mjukuu wangu, fuga haikimbii. Chukua kile ambacho ukinyamazisha mkono mmoja, utausikitikia.

Mama alituacha siku nyingi zilizopita. Lakini watu wakishatoka kanisani, bado nakipiga kile kipande kwenye kinanda. Naanza na mkono wa kulia, na mama anaingia.

Bibi yako, ninayekusikiliza