Sweta la Kijani Mfukoni

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na wenzako wote wa jikoni hapo hospitalini nawasalimu, hata yule mpishi mkuu anayekununia. Kifua kimepona? Kama bado unakohoa, usimeze dawa za kuambiwa na kila mpita njia, maana una sikio jepesi. Sisi huku wazima. Cherehani yangu inapiga kelele kama kuku anayetaga, shemeji yako amenenepa, na Bi Maswali wetu hajambo kupita kiasi.

Acha nijisifu kwanza, nisipojisifu mkono hautaandika sawasawa. Bi Maswali huyu mwanangu ana akili inayowaka. Nilipompeleka chekechea nilitaka herufi, nikakuta mabeseni: hili la mchanga, lile la maji, lile la unga uliokandwa na rangi. Anarudi nyumbani na mchanga hadi masikioni. Nikamwendea mwalimu, nikamwambia matope hata kwangu yapo, tena bure. Hakukasirika. Alinikalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni, akanifunga macho kwa kitambaa, akanipa vipande vya nguo nivitambue kwa vidole. Mimi, fundi mzima, nikachanganya satini na hariri, na mwanangu akanisahihisha mbele ya watu. Toka siku hiyo mdomo wangu haufunguki ila kumsifu. Juzi alimpapasa gauni mke wa mwenye nyumba, akamwambia hiyo si pamba, amedanganywa. Mama wa watu alinuna, lakini mtoto alisema kweli.

Basi shule ile ina desturi yake. Mtoto akitimiza mwaka mwingine, mzazi huja na mfuko wenye vitu vya siku aliyozaliwa. Mtoto anafungwa macho, anatoa kimoja kimoja na kukitambua, na mzazi anasimulia. Ndiyo sherehe yao. Mwalimu aliponiambia zamu yetu imefika, kwamba binti anatimiza mitano, nilicheka kwa meno tu. Wewe unajua kwa nini. Siku aliyozaliwa mimi nilikuwa nyumbani nikipinda suruali za watu. Uliyemzaa ni wewe, ukiwa bado msichana wa shule, na tulikubaliana asiambiwe mpaka awe mtu mzima.

Nilikosa raha, mdogo wangu. Aibu sikuiogopa. Niliogopa asije akaanza kunitazama kama anavyomtazama jirani. Shemeji yako akanishauri nitunge, akasema hata hadithi za sungura ni za kutungwa na hakuna aliyefungwa jela kwa ajili yake. Nikakubali. Nikashona mfuko wa mahameli, nikatia soksi ndogo, pamba, na kengele ya kuchezea. Lakini vyote hivyo nilivinunua baadaye, na mfuko ukawa kama unanicheka. Asubuhi ya sherehe nikatia na lile sweta lako la kijani ulilomfungia siku uliyoniletea, mvua ikinyesha. Nilijiambia nitasema ni langu.

Watoto wakakaa duara. Soksi akaitambua, pamba akaitambua, kengele akatupigia mpaka tukaomba msamaha. Kisha akashika sweta. Akalipapasa, akalinusa, vidole vikapita kwenye kila kifungo. Akasema hili si la kwetu. Nikamwambia ni langu la zamani. Akatikisa kichwa, macho bado yamefungwa, akasema nguo zangu zote anazijua, na mimi sivai sufu kwa sababu inaniwasha. Akauliza ni la nani. Watoto wakasogea karibu wasikie, hata mmoja wao, mtoto wa muuza maziwa, ambaye hakai mahali pamoja.

Nisamehe, sikukuuliza kwanza. Nilimfungua kitambaa nikasema. Nikasema ni la mama mdogo, na kwamba alikaa tumboni mwa mama mdogo, si mwangu. Kwamba mama mdogo alimfunga kwa sweta lake mwenyewe, yeye akalowa, akamleta mikononi mwangu kwa sababu mikono yangu ilikuwa mitupu na yake ilikuwa bado midogo.

Akauliza kama ulilia. Nikasema ulilia, nami nililia, yeye peke yake ndiye aliyekuwa amelala fofofo. Hilo likamchekesha sana. Mtoto wa muuza maziwa akaanza kulia kwamba yeye ana mama mmoja tu, wengine wakamfuata, mpaka mwalimu akawaletea beseni la maji wasahau. Binti akavaa sweta, mikono ikiburuta sakafuni, akazunguka duara kama bibi harusi. Jioni akaniita Mama, nimletee maji ya kunywa, kwa sauti ileile ya kuamuru. Nikampa, nikaenda kulia uani.

Miaka yote nimekushukuru kwa viatu unavyotuma na kwa salamu zako. Kwa ajili yake sijawahi, maana kukushukuru kungekuwa kukiri kwamba sikumzaa. Leo nakushukuru. Asante, mdogo wangu, umenipa mtu. Ukikasirika, kasirika, mimi ni dada yako, nitabeba.

Lakini usijifiche tena nyuma ya zamu za kazi. Hadithi yangu ilianzia mlangoni kwangu, na yeye amegundua kwamba mwanzo haupo. Anataka kujua kulikuwa kumekucha au bado, nani alimshika kwanza, na ulimwita nani kabla mimi sijamwita. Nimemwambia majibu unayo wewe, na sasa kila mlango ukigongwa anatangulia kufungua.

Shemeji yako anakusalimu, na Bi Maswali anakusalimu mara mbili. Kula vizuri, uvae nguo nzito.

Ni mimi dada yako,
mama wa mtoto wetu