Barafu Iliyozima Injini Rungwa

Kambi ya Doria,
Rungwa, Singida.
17 Machi 2024

Mpendwa Shangazi Severina,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia tangu ulipoanza zile dawa, na mvua za Bukoba zinakuruhusu kwenda kanisani. Sisi huku ni wazima. Mama yuko Ikungi, amemaliza kupalilia alizeti na anasema mwaka huu zimesimama vizuri.

Uliponipigia simu kuuliza kama nilianguka na ndege, nilikujibu kwamba ni jambo dogo. Mtandao ulikuwa mbaya kweli, lakini hiyo siyo sababu ya jibu lile. Najua huko nyumbani wanasema ndege ilirogwa. Nimeona nikuandikie ulivyokuwa mkasa wenyewe.

Ilikuwa Jumanne, tarehe tano, saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na mawingu yalikuwa chini. Nilikuwa na Sixbert, askari wa wanyamapori, tukihesabu tembo. Alipoona kundi karibu na mto nilipunguza nguvu ya injini ili tushuke.

Ndege yetu ni ya zamani, injini yake ina kabureta kama pikipiki. Wewe umekuwa muuguzi miaka mingi, utanielewa haraka. Spiriti unayompaka mgonjwa kabla ya sindano humpa baridi kwa sababu inakauka. Petroli nayo inapogeuka mvuke ndani ya kabureta huleta baridi hivyo hivyo. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, barafu huganda mle ndani na kuziba njia, hata kama nje mtu amevaa shati tu. Dawa yake ni mpini mdogo wa kuvuta, unaoingiza hewa ya moto. Nilipaswa kuuvuta kabla ya kupunguza nguvu. Sikuuvuta.

Mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa ukishuka kidogo kidogo, nami nikawa naongeza mafuta bila kujiuliza. Kisha injini ikaanza kutetemeka. Nikadhani ni maji kwenye mafuta, nikabadilisha tangi. Hapo nilipoteza muda. Nilipokumbuka ule mpini na kuuvuta, mtetemo ukazidi.

"Rudisha! Umeiharibu zaidi!" Sixbert alipiga kelele.

Shangazi, hivyo ndivyo inavyokuwa. Barafu inapoyeyuka, injini inameza maji na kukohoa kwa muda, halafu inapona. Nilifundishwa hivyo na nimewahi kuwafundisha wengine. Lakini niliogopa, nikaurudisha. Injini ikazima.

Kulikuwa na barabara ya udongo mbele yetu, imenyooka. Mtu mmoja mwenye baiskeli alituona tumekaribia, akajitupa mtaroni. Tukatua, tukayumba kwenye tope, tukasimama. Sixbert alichubuka mkono tu. Yule mtu, mfuga nyuki aitwaye Kefa, alikuja akiwa ametapakaa matope, akauliza kama tumeishiwa mafuta. Tulipima, yalikuwepo. Baada ya nusu saa nikajaribu kuwasha injini. Ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri kabisa. Barafu ilikuwa imeshayeyuka, na hakuna alama iliyobaki.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikujibu kwa mkato. Mchana, tuliporudi nayo kambini, tuliitwa na msimamizi wa kambi, Bi. Sikudhani. Alimgeukia fundi wetu, Philipo.

"Mara ya mwisho uliondoa lini maji kwenye tangi la mafuta?"

"Leo asubuhi, Bi mkubwa. Mafuta yalikuwa safi."

"Basi mbona injini imezima?"

Philipo alirudia kwamba aliyatazama mafuta mwenyewe, na mimi niliyekuwa na jibu niliangalia meza. Akasimamishwa kazi papo hapo. Ana miaka kumi na tisa katika kazi hiyo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta karakanani akifunga spana zake kwenye kitambaa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama injini ilitetemeka kabla ya kuzima, na kama niliingiza hewa ya moto. Nikamwambia niliingiza, nikaitoa. Akaacha kufunga spana.

"Ulijua tangu jana?"

"Nilijua."

Nilikwenda moja kwa moja ofisini nikaeleza yote, nikayaandika na kutia sahihi. Philipo alirudishwa kazini siku hiyo hiyo. Mimi nilizuiwa kuruka hadi rubani mkuu aje kunipima. Atakuja kesho. Akinikatalia sitakuwa na neno, na nimeshamwambia mama hivyo.

Philipo hasemi nami ila la kazi. Ijumaa alimaliza kuiandaa ndege kwa ajili ya kipimo changu, akaniita.

"Nimeshaikagua," alisema. "Na wewe kagua."

Tukaizunguka wote wawili, kitu kimoja kimoja. Tulipofika kwenye ule mpini aliniachia mimi niuvute, naye akasimama kuangalia mkono wangu.

Mpe Mzee Marko shikamoo yangu, na uwasalimie binamu zangu Lucy na Elina. Mama naye anakusalimu sana. Mungu akupe nguvu za kutembea bila mkongojo na akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Alute