Chini ya Vigingi vya Mpingo

Tarehe 9 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu za baba zikufikie, wewe na mkeo, na mjukuu wangu ambaye bado sijambeba. Afya yangu ni ya mzee: magoti yanalalamika, macho yanadai mwanga, ila ulimi ungali unaweza kumshukuru Mola, na hilo latosha. Keti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Shangazi yako ametutoka. Siku ya ibada iliyopita alikuwa juu kwenye roshani, akauegemea ukingo ule tuliouunda mimi nawe mwaka jana ulipokuja likizo, pale penye mlango wa ngazi. Nguzo iling'oka kitakoni, ukingo ukaifuata nguzo, naye akaufuata ukingo. Sakafu ya chini ni ya mawe. Tulimzika kesho yake asubuhi bila wewe, mwanamke aliyekulea tangu mama yako alipofariki, aliyekufungia kamba za viatu hata ulipokwisha kuota ndevu.

Utakumbuka mzaha wake siku tulipomwonyesha kazi ile. Alivitazama vigingi vyako vya mpingo, vyeusi, vya pembe nne, vimesuguliwa hata vikang'aa, kila kimoja kimeziba tundu la skurubu, akasema ni kama meno ya bwana harusi: yanapendeza, lakini ngoja kwanza tumwone akitafuna mfupa. Tulicheka sote watatu.

Wazee wa nyumba ya ibada waliniita. Niliweka mkono juu ya Kitabu nikaapa kwamba chini ya kila kigingi mna skurubu. Niliwaeleza utaratibu wa karakana yetu tangu enzi za babu yako: tundu ambalo bado halijatiwa skurubu hutiwa alama ya chaki, na alama haifutwi mpaka skurubu izame. Nikawaambia kwamba hata mchana ule nilipokuacha peke yako nikaenda kusali, niliacha alama kwenye matundu manne ya nguzo ile, na niliporudi nilikuta umemaliza na kufunika. Wakaridhika. Basi lawama ikabaki kwa mbao. Mbao tulizinunua kwa Fundo, na jana askari wamemchukua.

Wamjua Fundo. Jina hilo alilipata kwa sababu humwonyesha mteja fundo lililo katika ubao kabla mteja hajaliona mwenyewe. Yanisumbua kwamba mtu wa namna hiyo aliuza ubao mbovu. Lakini moyo wa mtu ni msitu.

Mwombee shangazi yako.

Baba yako


Tarehe 23 Machi

Baba mzazi,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mtoto ameanza kusimama kwa kushikilia viti, na mama yake anakusalimu sana.

Barua yako niliipokea kazini, nikaisoma nimesimama kati ya makabati. Kuhusu Shangazi sina maneno, baba. Kila ninapoyatafuta yananikimbia. Ningependa kuja lakini siwezi kwa sasa, maana mwezi huu wamenifanya msimamizi wa karakana nzima. Ni kwa ajili ya vigingi. Wateja wa huku hawataki kuona kichwa cha skurubu. Wanataka wafikiri kiti kimezaliwa hivyo hivyo.

Nataka kukuuliza, ile nguzo iko wapi? Ilichomwa? Kama bado unayo, naona si vyema kukaa nayo ndani, itakuongezea simanzi tu. Mafundi wenzangu wanasema mti huweza kuwa na ugonjwa wa ndani usioonekana kwa macho. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini nguzo hiyo, baba, usiiweke.

Jitunze magoti.

Mwanao


Tarehe 4 Aprili

Mwanangu,

Amani ya Mola iwe nyumbani kwenu. Nimefurahi kusikia kwamba mjukuu anasimama. Na asimame juu ya kitu imara. Cheo ulichopewa nakuombea kiwe baraka wala kisiwe mtihani, ingawa mara nyingi viwili hivyo huja vimevaa kanzu moja. Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia.

Fundo angali mahabusu. Kifua chake, kilichomeza vumbi la mbao miaka yote hiyo, kimezidi kuharibika. Wanasema anakohoa damu. Mkewe alinijia karakanani, akaketi kwenye benchi la kurandia, hakulia wala hakunilaumu. Alisema, "Mume wangu huonyesha fundo hata asipoulizwa. Wewe mwalimu, unayetufundisha dini, umeonyesha yote?" Nikamjibu kwamba nimeapa. Akasema hakuniuliza kama nimeapa. Akainuka, akajipangusa vumbi la mbao, akaenda zake.

Mahakama imenitaka nikitie kiapo changu katika maandishi na kukiwekea sahihi tarehe 30.

Nguzo ninayo, waliirudisha baada ya kuikagua. Waliona kitako kimechanika, nyuzi za mti zinaning'inia, wakasema ubao ulioza. Hawakuona skurubu iliyochomoza, wakadhani zimebaki ndani ya nguzo, kwa kuwa fundi mwenye mvi alikwisha kuapa. Vigingi vinne vingali mahali pake, vinang'aa.

Sasa nisikilize. Katika barua yako umezungumza habari za nguzo tangu katikati hata mwisho. Habari za kaburi hukuuliza hata mara moja. Mtoto huuliza mlezi wake amelazwa wapi, upande gani, karibu na nani. Mimi nimegonga mbao miaka hamsini na mbili, nami najua mlio wa ubao wenye uwazi ndani kabla sijaupasua. Kwa hiyo nakuuliza, nawe unijibu kwa neno moja: skurubu nne za nguzo ile ulizitia?

Baba yako


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu, na kuomba mwe wazima. Sijapata barua. Nimejiambia kwamba huenda imepotea njiani, na nimejiambia hivyo kila siku nikirudi mikono mitupu kutoka posta, mpaka karani wa pale ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Ningeweza kuving'oa vigingi mwenyewe. Jana baada ya sala ya mchana niliilaza nguzo magotini, nikashika koleo, nikakaa hivyo mpaka jua likatoka dirishani. Sikuvitoa. Nikikitoa kigingi kimoja, na chini yake pawe patupu, nitakuwa nimemchimbua mwanangu kama mwizi wa makaburi. Nataka usikie sauti yako mwenyewe kwanza ikisema.

Zimebaki siku kumi.

Baba yako


Tarehe 6 Mei

Baba,

Shikamoo. Neno uliloliomba ni hapana.

Sikuzitia. Wala sikukusudia kuziacha. Huku nilikoajiriwa, chaki ina maana iliyo kinyume na yetu: tundu lenye alama ni tundu ambalo tayari lina skurubu, linangoja kufunikwa. Kwa miaka minane mkono wangu umefunika penye alama. Siku ile niliona alama zako nne, nikafuta chaki, nikapaka gundi, nikagonga vigingi. Sikuchungulia ndani. Nguzo ilisimama kwa gundi tu, baba, miezi kumi na mmoja. Gundi ndiyo iliyouchana mti ilipoachia. Ubao ulikuwa mzima.

Nilijua pale pale niliposoma neno chaki katika barua yako ya kwanza. Nilianza kuandika jibu mara tano. Siku moja nilifika hadi kwenye sanduku la barua nikarudi nayo nyumbani, nikamwambia mke wangu kwamba nilisahau stempu.

Nihurumie. Jina langu likitajwa hakuna karakana itakayonipa hata ufagio, na nina mtoto anayeanza kutembea. Shangazi harudi kwa sababu ya kusema kwetu. Na huyo Fundo, nimeuliza watu wanaozijua sheria, wanasema kesi za namna hii hufa zenyewe kwa kukosa ushahidi. Hatuwezi kungoja kidogo?

Amelazwa upande gani, baba? Karibu na nani?

Mwanao


Tarehe 17 Mei

Mwanangu, kitindamimba wangu na kifungua mimba wangu, maana sina mwingine,

Nakusalimu kwa jina la Yule asiyefichwa kitu. Namwomba akupe wewe na wako afya, nami anipe nguvu ya siku chache tu.

Shangazi yako amelazwa upande wa mashariki, karibu na mama yako, ili wasimulie habari zako. Hatua saba kutoka hapo kuna kaburi jingine jipya. Uliandika kwamba kesi hufa zenyewe. Kesi haikufa, alikufa Fundo. Kifua kilimziba mahabusu tarehe 8, tukamzika tarehe 9. Barua yako ilinifikia tarehe 12.

Usidhani nakutupia wewe peke yako mzigo huo. Tarehe 30 nilisimama mbele ya hakimu, sikutia sahihi, lakini pia sikusema kwa nini. Niliomba muda. Wakampandisha Fundo garini, wakamrudisha ndani. Aliniona nikitazama, akaniinamia kichwa kwa heshima, kama anavyomwinamia mwalimu wake wa dini. Muda nilioomba mimi aliulipa yeye.

Nilipomaliza kuisoma barua yako niliving'oa vigingi vinne. Matundu ni safi; mti haujawahi kuumwa na skurubu. Na hapo ndipo nilipoiona dhambi yangu mwenyewe, ambayo wewe katika barua yako hukuitaja, ama kwa adabu ama kwa kutoijua. Siku ile niliporudi kutoka kusali, nilijua nimeacha matundu manne, na nilijua nimekuwa mbali kwa muda mfupi. Kopo la skurubu lilikuwa pale pale nilipoliweka. Nililiona. Nami sikuuliza. Kazi ilikuwa nzuri mno, watu walikwisha kukusanyika kuisifu, na kukuuliza mbele yao kungekuwa kukutilia shaka. Uzuri ulinifumba mdomo. Babu yako alichonga vigingi vilivyoshika kiungo chenyewe. Ukikitoa kimoja, meza inalegea. Mimi niliruhusu vigingi visivyoshika kitu, kisha nikaweka mkono juu ya Kitabu nikaviapia kana kwamba macho yangu hupenya mpingo. Nilikiapia nisichokiona, mwanangu. Nimewafundisha watu nusu karne kwamba huo ni uongo hata ukiwa kweli.

Nilimwendea mjane wa Fundo nikamweleza yote ya upande wangu. Alikuwa anapanga mbao, akiutenga kila ubao wenye fundo na kuuelekeza upande wa kupita watu. Hakuniacha nimalize. Alisema hataki nimwombe radhi yeye. Anataka kinywa kilichoapa ndicho kifunguke, palepale kilipoapia, watu wale wale wakisikia. Nami nimekubali. Itakuwa tarehe 24, baada ya ibada, na kesho yake nitakwenda kwa hakimu kwa miguu yangu.

Kwa sasa nimemaliza kazi moja. Vigingi vyote thelathini na viwili vilivyobaki katika ukingo nimeving'oa, kimoja kimoja, na chini ya kila kimoja nimekuta skurubu. Hizo nilizitia mimi, na wala hazinifariji. Nimeviacha vichwa vyake wazi vionekane. Mmoja wa wazee alilalamika kwamba ukingo umekuwa na sura ya mgonjwa wa ndui. Nilimjibu kwamba mgonjwa anayeonekana huweza kutibiwa.

Siku hiyo nitasimama kwenye mkeka wa mbele. Nitasema jina langu na makosa yangu, na jina la Fundo nitalisafisha kwa maji niliyo nayo. Jina lako sitalitaja. Si kwa kukuficha, nimechoka kuziba. Ni kwa sababu kosa lako ni lako, na kinywa changu hakiwezi kukutubia.

Ila sakafuni, kando ya mahali nitakaposimama, nimeweka alama ya chaki yenye upana wa nyayo za mtu mmoja. Wafagizi nimewaomba wasiifute. Wanafikiri ni yangu, ya kupimia.

Wewe wajua maana yake katika karakana yetu. Maana yake ni bado.

Baba yako