Mfinyanzi Hajulikani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mutuka hatujambo, mahindi yamebeba vizuri, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Unauliza mbona nilikukasirikia kwenye simu. Ulinionyesha makumbusho huko Japani, nyumba za zamani za mbao zimejaa vyungu vya wakulima, na kila kibao kimeandikwa "Mfinyanzi hajulikani." Wewe ukasema huo ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani? Chungu kinajifinyanga chenyewe?

Nilipokuwa msichana, mgeni mmoja alinunua chungu chetu sokoni Babati, akauliza kimefinyangwa na nani. Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, miguu imejaa udongo. Mimi nilikuwa na sare ya shule, nikaona aibu. Nikajibu, "Sijui." Mama alisikia. Akakifunga kile chungu kwa majani makavu kisije kikavunjika njiani, akampa yule mgeni.

Huenda nacho leo kimewekewa kibao mahali fulani. Kwa hiyo usiniambie hajulikani! Alijulikana, ila aliyemjua alimkana.

Ni mimi bibi yako, binti wa Martina mfinyanzi.