Kiraka cha Gitaa la Babu Yako

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Mbeya tu wazima, na mahindi yameanza kukauka shambani. Umeuliza kama fundi wa huko Iringa akibandue kile kiraka cheusi cha gitaa, aweke ubao mpya.

Gitaa hilo babu yako alilichonga mwenyewe. Miaka ya hamsini alikwenda kazi ya migodini, akaniacha na baba yako mgongoni. Mama mkwe wangu, kwa kulipenda gitaa la mwanawe, akaliweka darini juu ya mafiga pamoja na mahindi ya mbegu, ili moshi ulilinde na wadudu. Mume wangu aliporudi akakuta ubao wa mbele umepasuka. Niliogopa, maana alikuwa mkali.

Akamtazama mama yake. "Mama, ulitaka lichipue?"

Mama mkwe akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akampa mwiko wake. "Chonga kiraka kutokana na huu, mwanangu. Leo ugali tutasongea kijiti."

Siku hiyo nikajua nimeolewa pazuri.

Fundi abadilishe nyuzi, kiraka akiache. Ukilileta nyumbani, utalipiga jikoni nikiwa nasonga ugali.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea kila asubuhi.